Matone, bureti au mashine ya mwanga? Kupima madini joto kwenye chumvi ya Kusini

Kuanzia Juni, mvua zikishakatika na kusi ikishika, wachumvi wa pwani ya Lindi, Kilwa na Mtwara huingia majarubani, kwenye vidimbwi vya kugandishia chumvi, nami huanza kupokea wageni. Nafanya kazi kwenye maabara ya kemia ya shule ya sekondari, chumba chenye madirisha mawili na sinki linalovuja. Mgeni huja na chumvi kwenye kikopo cha siagi, akitaka kujua kama madini joto, yaani iodini, aliyopulizia yamekaa. Mwaka huu swali limekuja kwa sura nyingine. Kikundi kimoja kimechangishana, kinataka kununua kifaa chake chenyewe, na wanachama wamegawanyika. Kuna wa matone, kuna wa bureti, ule mrija wa kioo wenye mistari na koki chini, na vijana wao wanataka mashine. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyekwama kwenye njia panda hiyo.

Kabla ya yote nimjibu mzee mmoja anayeniambia kila msimu kwamba chumvi ya bahari ina madini joto yake tayari, tunahangaika bure. Tupige hesabu pamoja. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na iodini kama mikrogramu 60. Hata kama iodini yote hiyo ingeganda pamoja na chumvi, na haigandi, kilo moja ya chumvi ingepata miligramu 1.7 tu. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha kutosha chumvi ikifika jikoni ni kuanzia miligramu 15 kwa kilo. Bahari inayo, ila chumvi haiichukui. Mwani ndio unaoichukua: Mfaransa Bernard Courtois aliigundua iodini mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani, ndugu wa mbali wa huu ambao kina mama wa pwani yetu wanaufunga kwenye kamba.

Ndiyo maana tunapulizia potasiamu iodeti. Katika kila gramu ya unga huo, iodini ni gramu 0.593. Anayetaka miligramu 40 za iodini kwa kilo atahitaji gramu 67 hivi za unga kwa tani nzima ya chumvi, yaani kiganja kimoja kwa magunia ishirini ya kilo hamsini. Kitu kidogo namna hiyo kwenye mlima wa chumvi hakionekani kwa jicho wala hakionjeki. Lazima kipimwe.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni swali lenyewe. Kuuliza "yamo au hayamo?" ni tofauti na kuuliza "yamo kiasi gani?", na gharama ya majibu hayo mawili hailingani hata kidogo. Watu wengi hununua kifaa kabla hawajajua wanauliza lipi.

Cha pili ni usahihi, na hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Aliyewahi kupeleka korosho mnadani atanielewa upesi. Mizani inayokata nusu kilo kwenye kila gunia, leo, kesho na keshokutwa, inatoa jibu lile lile kila mara, lakini jibu hilo si kweli. Mizani nyingine inaruka: gunia hilo hilo linasoma 79, kisha 81, kisha 80. Hiyo haitulii, ila ukichukua wastani unakaribia ukweli. Kipimo kizuri kinatakiwa kitulie na pia kiwe cha kweli. Cha kutulia peke yake ndicho hatari zaidi, kwa sababu kinakupa ujasiri wa bure.

Cha tatu ni vitu vinavyoweza kukidanganya kipimo. Cha nne ni gharama, nikimaanisha bei ya dukani pamoja na maji safi, umeme, dawa zinazoisha na mikono iliyozoea. Muda nauweka humo humo.

Jambo moja haliko kwenye ushindani kwa sababu linaziangusha njia zote sawasawa: namna ya kuchota sampuli. Bureti inapima gramu kumi. Gunia la kilo hamsini lina gramu kumi mara elfu tano. Ukichota juu tu, umepima juu tu. Msimu mmoja tulipima chumvi ya gunia moja sehemu tatu. Juu ilikuwa na miligramu 9 kwa kilo, katikati 24, chini 61. Mwenye gunia alidhani nimekosea. Sikukosea. Chumvi yake haikuchujwa vizuri maji machungu, yale yanayobaki jarubani chumvi ikishaganda, yenye magnesi inayovuta unyevu wa hewa. Chumvi ililowa, unyevu ukayeyusha iodeti na kushuka nayo. Kwa hiyo chota juu, kati na chini, kwenye magunia kadhaa, changanya juu ya turubai safi, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, changanya tena, na ugawe hivyo hadi ubaki na kikombe kimoja. Kazi hii haina mashine, na ndiyo inayoharibu majibu mengi ninayoyaona.

Njia zote tatu ni watoto wa mama mmoja. Iodeti ikikutana na iodaidi, umbo jingine la iodini, ndani ya asidi, huzaa iodini huru. Kila chembe moja ya iodeti inaburuta tano za iodaidi, zinakuwa atomu sita za iodini. Kile kidogo ulichokuwa nacho kimezidishwa mara sita, na sasa kina rangi. Tofauti ya njia hizi ni namna ya kuisoma iodini hiyo.

Matone ya wanga

Ni kichupa kidogo chenye wanga uliochanganywa na dawa za kuamsha iodini. Unadondosha kwenye chumvi, chumvi inageuka buluu au zambarau, unailinganisha na kadi ya rangi. Iodini huingia ndani ya msokoto wa wanga, na hapo ndipo buluu inapozaliwa. Dakika moja imetosha.

Jibu lake ni la "yamo au hayamo". Kadi nyingi zina vibanda vitatu: sifuri, chini ya 15, na 15 kwenda juu. Kuzisoma kama namba ndilo kosa la kawaida. Mama mmoja aliniletea chumvi buluu iliyokolea akasema, "Mwalimu, hii si imegeuka kabisa? Itakuwa hamsini." Bureti ikasema 18. Macho yetu hayawezi kutenganisha 18 na 50 pale wanga ukishajaa iodini, na mtu aliyesimama kivulini huona rangi tofauti na aliyesimama juani.

Hudanganya namna mbili. Chumvi yenye tabia ya magadi huimeza asidi ya tone, rangi haitoki, ukadhani chumvi haina kitu. Seti nzuri huja na kichupa cha pili chenye asidi kidogo cha kurudia kipimo, na ndicho watu wanachokitupa wakidhani ni cha ziada. Namna ya pili ni uzee. Kichupa kilichofunguliwa na kuachwa dirishani mwa banda la Lindi mwezi wa Novemba hakiaminiki tena, hata kama tarehe ya kifurushi haijafika. Dawa yake ni rahisi: weka kikopo cha chumvi unayojua ina madini joto, na kingine cha chumvi ghafi. Kila asubuhi jaribu vyote viwili kabla ya kuanza kazi.

Gharama yake ni ndogo kuliko zote, haidai umeme, maji wala shule. Inamfaa anayepulizia pale pale jarubani na anataka kujua kama kuna sehemu pampu haikufika. Inamfaa pia mwenye duka, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwalimu wa shule ya msingi. Anayetakiwa kumwandikia mnunuzi namba haimfai.

Titresheni kwa bureti

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo nilipoishi, na pia ndipo penye maneno mengi ya kupotosha.

Wazo ni la kuhesabu kwa kudondosha. Unayeyusha gramu 10 za chumvi kwenye mililita 50 za maji, unatia asidi ya salfuriki kidogo na potasiamu iodaidi, unaziba chupa na kuiweka gizani dakika kumi. Iodini inatoka, maji yanakuwa ya njano. Kisha unadondosha kutoka kwenye bureti myeyusho wa sodiamu thayosalfeti ambao nguvu yake unaijua. Kila tone linaua iodini kwa kipimo maalumu. Njano ikififia ikabaki kama maji ya mchaichai, unatia wanga, yote yanakuwa buluu nzito, unaendelea tone kwa tone hadi buluu inakatika ghafla. Unasoma bureti.

Kwa thayosalfeti ya mola 0.005 kwa lita na chumvi gramu 10, kila mililita moja iliyotumika ni miligramu 10.58 za iodini kwa kilo ya chumvi. Ukitumia mililita 2.80, chumvi ina 29.6. Hiyo 10.58 haikutoka kwenye kadi ya mtu wala kwenye kumbukumbu ya mashine. Inatokana na uzito wa atomu ya iodini, 126.9, ukigawanywa kwa ile sita niliyoitaja, kisha ukahesabiwa kwa nguvu ya thayosalfeti na uzito wa chumvi. Ndiyo sababu wakemia huiamini titresheni na kuitumia kukagua vipimo vingine.

Kwa nini gizani? Mwanga na hewa vinatoa iodini kutoka kwenye iodaidi, ukahesabu isiyo ya chumvi. Kwa nini wanga mwishoni? Ukiutia mapema unaikumbatia iodini nyingi na kukataa kuiachia, ukapita mwisho bila kujua. Na kwenye joto letu la nyuzi 30 na zaidi, buluu ya wanga inapauka. Maji yakiwa ya moto, yapoze kwanza.

Lakini yanayoidanganya ni mengi kuliko ya matone. La kwanza ni maji. Maji ya bomba yenye klorini yanazalisha iodini yenyewe bila hata punje ya chumvi ndani. Nilihangaika wiki nzima na chumvi ghafi iliyosoma 6 hadi nilipopima maji matupu, nayo yakasoma 6. Kipimo hicho cha maji na dawa bila sampuli ndicho kinachoitwa jaribio tupu, na ukilikwepa umejenga juu ya mchanga. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena. La pili ni thayosalfeti, ambayo inapungua nguvu taratibu, vijidudu wakiila na hewa ikiichokoza. Itengeneze kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ihifadhi kwenye chupa ya kahawia, na kila wiki ikague kwa kuipambanisha na potasiamu iodeti safi uliyoipima kwa mizani. Gramu 1.24 zinatosha lita moja, kwa hiyo usione huruma kumwaga ya zamani.

La tatu ni bureti yenyewe. Ya shule ina mililita 50 na mistari ya 0.1, jicho zuri linasoma hadi 0.05. Kosa la 0.05 ni nusu miligramu kwa kilo, na unasoma mara mbili, mwanzo na mwisho. Kwa chumvi ya 30 hiyo si shida. Chumvi ikiwa karibu na 15 utatumia mililita 1.4 tu, na hapo kosa linakuwa kubwa kwa uwiano. Ama nunua bureti ya mililita 10, ama yeyusha chumvi nyingi zaidi. Na rudia mara tatu. Majibu yakipishana kwa zaidi ya mililita 0.1, tatizo liko mkononi mwako au kwenye sampuli, na bei ya bureti haihusiki.

Gharama ni ya kati: vioo, stendi, mizani inayosoma gramu 0.01 kwa chumvi na nyeti zaidi kwa kupima iodeti, dawa chache. Umeme si lazima. Gharama iliyojificha ni mtu. Inahitaji aliyefundishwa akatulia, asiyeita mwisho kwa kubahatisha kwa sababu daladala inaondoka. Sampuli moja yenye marudio matatu ni nusu saa. Ishirini ni siku nzima na mgongo kuuma. Inamfaa kiwanda kidogo, chama cha wachumvi chenye chumba kimoja safi, na shule ya jirani iliyo tayari kushirikiana.

Mashine ya mwanga

Spektrofotomita, au ndugu zake wadogo wa mkononi, hupitisha mwanga wa rangi moja kwenye kichupa chenye iodini iliyokumbatiwa na wanga na kupima kiasi kilichomezwa. Kanuni yake ni ya zamani: Bouguer aliiona mwaka 1729, Lambert akaiandika kwa hesabu mwaka 1760, Beer akaiunganisha na ukolezi mwaka 1852. Ukolezi ukiwa maradufu, umezaji ni maradufu. Hapo ndipo mashine inapolishinda jicho, maana inaona tofauti ya 18 na 50 bila kubishana na mtu.

Inatoa namba, na upesi. Ukishaandaa sampuli, kusoma ni sekunde. Lakini namba hiyo ni ya kulinganisha. Lazima kwanza uionyeshe mashine miyeyusho unayoijua, tuseme 0, 10, 20, 40 na 60, uchore mstari, ndipo chumvi yako isomwe kwenye mstari huo. Miyeyusho ikikosewa, kila jibu litakosewa kwa utulivu kabisa, kama ile mizani ya korosho. Mstari wenyewe una mwisho: kila umezaji ukipanda kwa 1, mwanga unaopenya unapungua mara kumi, hivyo ukifika 2 unaopenya ni asilimia 1 tu, na mashine ndogo hapo inakisia. Chumvi iliyozidi lazima izimuliwe.

Adui mkubwa huku kwetu ni udongo. Chumvi ya jaruba la tope ikiyeyushwa hubaki na ukungu, ukungu unatawanya mwanga, mashine inahesabu ukungu kuwa iodini. Chuja, au acha itulie kisha chota maji ya juu. Joto nalo, kwa sababu ile ile ya wanga kupauka: mashine iliyorekebishwa asubuhi kwa nyuzi 25 itasoma pungufu saa nane mchana. Na vichupa vyake visishikwe ubavuni na vidole vya chumvi.

Bei yake ni kubwa kuliko zote, na dawa zake mara nyingi lazima ziwe za mtengenezaji yule yule. Ulizia mapema zinapatikana wapi, maana nimeona mashine nzuri imefunikwa kitambaa tangu pakiti ya kwanza ilipoisha. Ya mkononi inatumia betri, hivyo kukatika kwa umeme si hoja. Mtu wa kuifundisha anahitaji siku mbili tatu, si miezi. Inamfaa mwenye sampuli nyingi kila siku, mkaguzi anayezunguka, na kiwanda kinachopuliza mfululizo na kutaka kurekebisha pampu kabla tani nyingine haijapita.

Kulingana na hali yako

Kama unatoa magunia machache kwa msimu na unauza hapa hapa, anza na matone, na fedha inayobaki iweke kwenye pampu nzuri na turubai la kuchanganyia. Pampu iwe ya chumvi peke yake. Msimu wa kupulizia mikorosho unaangukia miezi hii hii, na nimeona pampu moja ya mgongoni ikitoka shambani na dawa ya wadudu, ikisuuzwa mara moja, na kuingia majarubani. Hakuna kipimo kati ya hivi vitatu kitakachokuonyesha sumu hiyo.

Kama mnunuzi anataka karatasi yenye namba, matone yaendelee jarubani na sampuli chache ziende kwenye bureti. Karatasi ikihitaji muhuri, hapo si suala la kifaa chenu tena. Mkemia Mkuu wa Serikali na Shirika la Viwango (TBS) wana ofisi za Kanda ya Kusini mjini Mtwara, kaulizeni utaratibu wao na kiasi cha sampuli wanachotaka kabla ya kupanda gari.

Kama mko chama chenye mapato ya uhakika, sampuli zinazidi kumi kwa siku na mna kijana aliyesoma sayansi ambaye hatahamia Dar mwezi ujao, mashine italipa. Hata hivyo nunueni na bureti moja. Kila mwezi pimeni sampuli tano kwa njia zote mbili. Zikiachana, iaminini bureti mpaka mjue mashine imepatwa na nini.

Kama fedha ipo lakini mtu hayupo, msinunue mashine wala bureti mwaka huu. Mpelekeni mtu kujifunza kwanza.

Na kwa kile kikundi changu kilichogawanyika: mna chumba, mna kisima chenye maji ya chumvi na hamna maji yaliyokenekwa, na sampuli zenu ni nne tano kwa wiki. Kwa hesabu hiyo matone yanawatosha jarubani, na hizo nne tano leteni shuleni Ijumaa mchana, maji yaliyokenekwa ninayo. Ila mzilete kabla ya Novemba. Novemba bureti zote ziko mikononi mwa kidato cha nne.